Timu yetu ya chuo hapa Guangzhou ilikuwa inafungwa na Jumamosi, mpaka alipokuja Kocha Rehema

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa nyumbani na mliotawanyika kama sisi.

Huu uzi nimeuchelewesha makusudi. Nilikuwa na furaha ya kupitiliza, na mtu mwenye furaha ya namna hiyo huongeza chumvi bila kujijua. Sasa nimetulia kidogo. Mengi ya hapa niliyaona nikiwa pembeni ya uwanja, na machache nimesimuliwa na wahusika tukiwa meza moja. Nikiongeza chumvi mahali nitawaambia.

Mimi ni mtu wa Morogoro, nasoma masters hapa Guangzhou, kusini mwa China.

Mpira siujui kucheza. Ukinijia naukwepa. Ila kushangilia, hapo usiniguse. Ndoo ya plastiki na mwiko wa mbao vinanitosha kuamsha bweni zima.

Chuo chetu kina ligi ya wanafunzi wa kigeni. Kila kanda ina timu yake. Sisi tuna timu ya Afrika Mashariki: Wabongo, Wakenya, Waganda na Warundi kadhaa. Ukituona mazoezini utasema hawa watu watachukua kombe. Vijana wana kasi, wana chenga, wana maneno.

Ikifika mechi tunapigwa.

Sio kupigwa kidogo. Tulikuwa kichwa cha mwendawazimu, kila timu inakuja kujifunzia kunyoa kwetu. Kuna mechi msimu uliopita tuliingia uwanjani tukiwa wanane. Refa alituangalia kwa huruma, akauliza wengine wako bafuni au vipi.

Na mwaka huu wakaja na sheria mpya: timu itakayomaliza mkiani inatoka, nafasi yake inapewa timu nyingine iliyokuwa inasubiri. Tukaanza msimu kwa kufungwa mechi zote za mwanzo. Kocha wetu wa zamani, kaka mmoja mpole kutoka Kampala, akamaliza masomo yake akarudi kwao. Nadhani alikimbia pia, ila hilo hakusema.

Wakuu, nilikuwa naumwa kabisa. Kwa mtu aliye mbali na nyumbani, timu ile ndiyo mahali pekee ambapo siku moja kwa wiki unapiga kelele kwa Kiswahili bila mtu kukushangaa. Ikifutwa, tunabaki kupishana kwenye korido za maabara na kusalimiana kwa vichwa.

Ndipo akaja Rehema.

Dada wa Tanga, anasoma PhD, mambo ya usafirishaji wa mizigo. Nyumbani alishacheza timu ya wanawake ya mkoa, beki wa kushoto, na ana cheti cha ukocha cha ngazi ya mwanzo. Alijitolea mwenyewe. Wapo walioguna kwa sababu ni mwanamke. Hao siwapotezei muda hapa, maana leo ndio wanaombeba mabegani.

Siku ya kwanza ya mazoezi hakuja na filimbi. Aliwakalisha vijana chini kwenye nyasi bandia, jua kali, akawauliza swali moja: "Jumamosi huwa mnakuwa wapi?"

Hapa niweke maelezo kwa ambao hamjafika huku.

Wanafunzi wengi wa kwetu wanaongea Kichina vizuri. Wafanyabiashara wanaotoka Dar na Zanzibar kuja kununua mzigo, wengi hawakiongei. Kwa hiyo mwanafunzi anakuwa mkalimani. Mteja anashuka ndege, anakutafuta, unamtembeza: vitambaa soko la Zhongda, mikoba kule Shiling nje ya mji, huku unasemezana na laoban, yaani bosi mwenye duka au kiwanda. Wiki nzima una vipindi, kwa hiyo siku ya kazi hiyo ni Jumamosi.

Na mechi zetu zote ni Jumamosi mchana.

Basi vijana wakaanza kujieleza mmoja mmoja. Huyu alikuwa Zhongda. Yule Shiling. Mwingine alikuwa na mteja wa vigae, mkoa wa mbali huko, na alirudi mechi imeshaisha. Straika wetu Kibwana, kijana wa Temeke anayepiga mashuti ya kupasua nyavu, akakiri kwamba mechi iliyopita alikuwa amekaa juu ya furushi la vitenge anafuatilia matokeo kwenye simu.

Rehema akasikiliza mpaka wa mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi hamfungwi uwanjani. Mnafungwa Zhongda."

Nilicheka peke yangu.

Sasa nilitegemea kocha atatoa amri. Atakayekwenda kwa mteja asirudi kwenye timu, mambo kama hayo. Kocha aliyepita alishatoa amri hizo mpaka akachoka. Kijana anaitikia ndiyo kocha, Jumamosi ikifika simu yake haipatikani.

Rehema hakutoa amri yoyote. Ijumaa iliyofuata akaniambia, "Wewe si mwenyekiti wa mashabiki? Nipeleke Xiaobei."

Xiaobei ndio mtaa wanakofikia wafanyabiashara wa Kiafrika, na kuna mgahawa pale barabara ya Huanshi Zhonglu ambao baada ya sala ya Ijumaa unajaa watu wa nyumbani. Kanzu, mabegi ya mgongoni, sampuli za vitambaa mezani, pilau na kachumbari. Ukiingia pale muda ule unawapata karibu wateja wote wa wachezaji wetu kwa mkupuo mmoja.

Akasubiri wale, washibe. Hiyo akili niliipenda. Kisha akasimama katikati, mtandio kichwani ingawa ni Mkristo, akasalimia kwa adabu za Tanga zile ndefu, akaeleza shida yake: anaomba Jumamosi mchana wote mkalimani yeyote ambaye ni mchezaji aachiwe. Jumapili watampata tangu asubuhi mpaka usiku.

Halafu wakuu, mnajua nini kilitokea?

Wakaanza kumpunguza bei!

Nasema kweli. Wale watu kazi yao ni kupatana, hawajui kupokea jambo jinsi lilivyo. Mzee mmoja wa Unguja, Ami Nassor, mnunuzi mkubwa wa vitambaa, akasema Jumamosi mchana wote ni mwingi, chukua kuanzia saa tisa.

Rehema akasema mechi inaanza saa nane.

"Basi saa saba na nusu," akasema ami.

"Vijana wanatakiwa kula na kupumzika, ami. Saa tano."

"Saa tano tai gui!" akaruka Mama Shamsa, mwenye duka la mikoba Kariakoo. Hayo ndiyo maneno ya Kichina tunayotumia sokoni kusema ghali mno. Mgahawa mzima ukacheka.

Mama Shamsa ni mteja wa kudumu wa Kibwana. Anamwita mwanangu, naye Kibwana anamwita mama kweli kweli, anamletea dawa akiumwa. Mama huyu akishika jambo haachii. Akasema saa sita, na hapo amempa kwa sababu ni binti wa nyumbani.

Rehema akamtazama. Akachukua mkoba wake, akasema "asanteni wazee wangu", akaanza kuelekea mlangoni.

Nikajua tumekwisha.

Hajagusa mlango, wakamwita! "Mwalimu! Mwalimu, rudi basi, mbona una hasira za karibu!" Nusu ya mgahawa imesimama. Ni kile kile wanachofanyiwa na kuwafanyia wenye maduka kila siku, mtu anajifanya anaondoka na laoban anamkimbilia na kikokotoo mkononi. Safari hii walioshikwa ni wao, na walijua wameshikwa, na walifurahi.

Wakakubaliana saa tano. Ami Nassor akampa mkono kama wanamaliza biashara ya kontena zima.

Tukiwa kwenye metro nikamuuliza kocha, je wasingekuita? Akasema angefika barabarani angelia. Nilimpenda kuanzia hapo.

Jumamosi iliyofuata, wakuu, nilikwenda uwanjani mapema na ndoo yangu, roho mkononi. Nikahesabu. Kumi na moja. Nikahesabu tena, kuna na wa akiba! Nilipiga ile ndoo kabla hata mpira haujaanza mpaka mlinzi wa chuo akaja kuuliza kuna nini.

Tulitoka sare siku hiyo. Mechi iliyofuata tukashinda. Sikulala. Tukafungwa moja, tukashinda tena.

Kocha alibadilisha mambo madogo tu. Kibwana aliyekuwa anazurura uwanja mzima akaambiwa asivuke nyuma ya duara la katikati. Otieno, beki wetu Mkenya mwenye kifua kama kabati, akaruhusiwa kupanda kwenye kona. Mazoezi yakawa alfajiri, kabla ya vipindi. Lakini jambo kubwa ni lile moja, kwamba watu wanajuana. Timu ambayo ni ile ile kila wiki inaanza kupasiana bila kutazamana.

Na kuna kitu hatukukitegemea: wale wafanyabiashara walianza kuja! Si walishaambiwa mkalimani hayupo, sasa Jumamosi mchana wafanye nini? Ami Nassor alikuja na kiti chake cha kukunja. Mama mmoja wa sambusa akaja na sambusa. Jukwaa letu ambalo lilikuwa mimi na ndoo likawa na watu wanaobishana kuhusu offside kuliko refa.

Ikafika mechi ya mwisho.

Zile za mwanzo tulizofungwa zilikuwa bado zinatuburuza. Hesabu ilikuwa hivi: sare tunabaki, tukifungwa tunashuka na ndio mwisho wa timu. Wapinzani wetu, timu ya Asia ya Kati, warefu, wana mapafu ya farasi. Wiki nzima sikula vizuri.

Jumamosi ile asubuhi nikiwa kwa kocha kupanga mambo ya maji na barafu, Kibwana akaingia. Uso umempauka.

Mama Shamsa kampigia. Yuko Shiling. Alikuwa ameagiza mikoba myeusi, amefungua boksi la kwanza kakuta ya kahawia, la pili kahawia. Laoban anasema ndivyo ilivyoagizwa. Kontena linafungwa mchana huohuo, likifungwa na mzigo ule mama hana duka tena, maana ule ndio mtaji wake wote. Hakumwomba aje. Kibwana alisema mama alikuwa anamwuliza tu neno moja la Kichina, sauti inatetemeka, halafu akasema haya mwanangu, mkacheze salama.

Sasa Kibwana amesimama pale mlangoni, hajui aende upande gani.

Shiling ni mbali wakuu. Kwenda na kurudi na foleni ile, mechi imepita.

Mimi nikawahi kusema, "Si tulipatana? Jumamosi ni ya timu!" Kwa sauti kubwa kabisa. Nilikuwa tayari kuandika ule mkataba wa mdomo ukutani.

Kocha hakunitazama hata. Akamwambia Kibwana, "Nenda. Jumamosi zote ametupa yeye. Hii mpe."

Kibwana akaondoka anakimbia. Viatu vya mpira ameviweka begani.

Nilimkasirikia kocha, nisidanganye. Nikamwambia, leo tunashuka kwa mikono yetu wenyewe. Akanijibu taratibu, huku anafunga barafu kwenye mfuko: "Tukibaki kwenye ligi, na wale wa Xiaobei wakajua tulimwacha mwenzao analia juu ya maboksi, Jumamosi ya kwanza ya msimu ujao utawapata wapi wachezaji?"

Hasira haikuisha, ila nilibeba ule mfuko wa barafu nikamfuata uwanjani.

Mechi ikaanza bila Kibwana. Jukwaa letu limejaa, ila limepoa, kila mtu anaulizia straika yuko wapi. Jamaa wakatukandamiza. Kipa wetu aliokoa mipira miwili ambayo mpaka leo sielewi aliionaje. Wa tatu haukuokoleka. Moja bila. Mapumziko.

Ami Nassor akakunja kiti chake. Sikumlaumu.

Kipindi cha pili kinaanza tu, simu yangu inaita. Mama Shamsa.

"Mwanangu, nimemtoa huyo Kibwana. Yuko kwenye gari nimemkodia, katoka zamani tu, atakuwa karibu."

Nikamwuliza, na mzigo je mama?

Akasema Kibwana alifika akapambana na laoban mpaka laoban akatoa karatasi ya oda yake mwenyewe, imeandikwa nyeusi. Wamekubaliana kila boksi lifunguliwe mbele yake, kahawia itoke, nyeusi iingie. "Sasa hapo nimbakize mtoto wa watu anifanyie nini? Kuangalia rangi hakuhitaji mkalimani. Usikate simu. Nitangazie."

Basi nikatangaza wakuu. Ndoo nikampa mtu mwingine, simu mdomoni, nikawa mtangazaji wa mtu mmoja aliyekaa kwenye ghala Shiling. Nyuma yake nasikia maboksi yanapasuliwa na utepe wa gundi unavutwa. Kila mara anasema "bu xing, bu xing", hii hapana, halafu ananirudia mimi, "eh, endelea, nani ana mpira?"

Kibwana akatokea getini anakimbia, viatu keshavaa ndani ya gari. Jukwaa likalipuka. Ami Nassor akakunjua kiti.

Kocha akamwingiza hapo hapo. Hakumpa maelezo marefu, alimshika shavu tu.

Dakika zikawa zinakatika. Tunapanda, wanatoa. Tunapanda, wanatoa. Kisha tukapata kona. Otieno akatoka nyuma na kifua chake kile, kama alivyoruhusiwa. Mpira ukaja juu, Kibwana akaruka akaupiga kichwa, kipa akautema, na Otieno akausukumia ndani kwa goti!

Sijui nilichosema kwenye simu. Nadhani nilipiga yowe tu. Ninachokumbuka ni kwamba upande wa pili nako kulikuwa na yowe, na kitu kizito kikaanguka, na sauti ya mwanaume inauliza kitu kwa Kichina.

"Nani huyo mama?"

"Laoban! Anauliza ngapi ngapi!"

Nikamwambia kwa Kichina, moja moja. Nikasikia ghala zima linashangilia, wapakiaji na laoban mwenyewe, watu ambao hawajui hata tunavaa jezi ya rangi gani. Hapa sijaweka chumvi hata punje.

Zile dakika za mwisho sitaki kuzikumbuka. Tulikaa wote golini. Refa alipopuliza filimbi, Kocha Rehema alichuchumaa chini pale pale kwenye mstari, akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yanamtikisika. Tumebaki.

Mama Shamsa akasema alhamdulillah mara nyingi, kisha akasema amebakiza maboksi machache, akakata simu. Mzigo wake ulitoka mweusi wote.

Wakuu, kilichonifundisha hiki kisa ni kimoja. Miaka yote nilikuwa nawatukana wale vijana kuwa hawana uchungu na timu. Walikuwa nao. Ila mtu hawezi kuwa sehemu mbili, na hakuna aliyewahi kwenda kuongea na ile sehemu ya pili. Dada wa Tanga alikwenda, akaongea nao kwa lugha yao ya kupatana, na siku walipomhitaji akalipa bila kulalamika. Kwa ukocha huo mimi nangojea nusu fainali msimu ujao, na nikilala vizuri naota kombe kabisa.

Juzi kocha amechagua kikosi cha msimu mpya. Walijitokeza wengi mpaka jezi hazikutosha, ikabidi waachwe watu. Kuna Mrundi mmoja wa uhandisi hakuliona jina lake. Akatupa chupa ya maji chini, akaondoka amevimba, hataki kusemeshwa na mtu.

Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya bweni, machozi yananilenga. Timu yetu, iliyokuwa inawabembeleza watu waje angalau wafike kumi na moja, leo kuna mtu anaililia!

Haya, nawaachia jukwaa. Nyie mlioko vyuo vya nje, kwenu timu zinaishi vipi? Na wale mliowahi kuwa wakalimani huku, semeni ukweli: mlikosa mechi ngapi kwa ajili ya mteja? Matusi kwa mashabiki wa ndoo pia nayapokea.